Mpanga Chapa na Njia Tatu za Mweusi

Kiwanda chetu cha chapa kilikuwa na watu wa aina mbili: waliopanga herufi, na waliotafuta makosa ya waliopanga. Mimi nilikuwa wa aina ya pili, msoma prufu. Nilikaa nyuma ya kioo na kalamu nyekundu kwa miaka thelathini na mmoja, na elimu niliyonayo niliiokota humo, kwa kusoma kila kilichopita mezani: hotuba, vitabu vya ufugaji wa kuku, matangazo ya vifo, kanuni za vyama ambavyo vilivunjika kabla wino haujakauka. Siku hizi mtu ana shahada mbili na hajui mkato unawekwa wapi, wala hakuna wa kumwambia, maana kazi ya kumwambia ilifutwa. Lakini si habari zangu ninazotaka kuandika. Ni za mtu mmoja wa upande wa pili wa kioo, tuliyemwita Kinyume.

Jina hilo alipewa na kazi yake. Herufi ya risasi, yale madini mazito, huundwa kinyume ili ikigusa karatasi itoke sawa, kwa hiyo mpanga chapa husoma maneno yakiwa yamegeuka, kama mtu anayesoma kwenye kioo. Kinyume aliyasoma hivyo upesi kuliko wengi wanavyosoma barua ya nyumbani. Mkono wake wa kushoto ulishika kibao cha chuma cha kupangia mistari, ukatulia. Mkono wa kulia ndio uliofanya kazi: uliruka kwenye kasha lenye vijumba zaidi ya mia, ukarudi na herufi, ukaruka tena, naye macho yake yako kwenye mswada. Sijapata kuona mkono uliojua njia vile. Gazeti tulilolichapa hapo hakulisoma hata siku moja.

"Nimeshalisoma kwa saa tano likiwa risasi," alikuwa akisema. "Mnalosoma nyinyi ni kivuli chake."

Kila Jumamosi gazeti hilo lilikuwa na safu ya sataranji iliyoandikwa na mwalimu mstaafu. Palikuwa na picha ya ubao iliyochongwa kwenye bamba la zinki, na chini yake maelezo. Kinyume ndiye aliyeipanga safu hiyo, akajifunza mchezo humo humo, kwa kutazama bamba na kusoma risasi. Kisha akawafundisha wenzake watatu wa chumba cha herufi. Kila mchana, saa ya chakula, walichora ubao kwa chaki juu ya meza ya chuma na kucheza kwa zile herufi kubwa za mbao za vichwa vya habari. Farasi alikuwa F, ngome N, askofu A. Mfalme alikuwa M kubwa na malkia M ndogo. Askari walikuwa nukta. Za mweusi zilipakwa wino, za mweupe zilioshwa kwa mafuta ya taa.

Somo lililowashika kuliko yote lilitoka kwa wiki nne mfululizo, na kichwa chake kilikuwa "Njia Tatu za Mweusi". Kuna ufunguzi ambao mweupe, katika hatua ya pili tu, humtoa askari wa mbele ya askofu wa upande wa mfalme, akamweka aliwe bure. Ni chambo. Mweusi akimla na kuking'ang'ania alichokula, mweupe hupata njia wazi, na mchezo huisha chai haijapoa. Mwalimu aliandika kwamba mweusi hapo hahitaji akili nyingi, anahitaji kujizuia. Anaweza asile, bali amtoe askofu wake wa upande wa mfalme, ili mweupe asipate pa kumficha mfalme wake. Anaweza asile, bali amsukume askari wa malkia hatua mbili, ugomvi uhamie katikati. Au anaweza kula, kisha papo hapo amsukume huyo askari wa malkia na kurudisha alichokula, apate nafasi ya kutoa farasi na kumhifadhi mfalme.

Hii ya tatu Kinyume aliipenda. Alikuwa akiisema akipiga kidole mezani: "Unakula, unarudisha, unapumua."

Kwa kuwa siku zote alichagua kete nyeusi, alizijua njia hizo hadi zikahama kutoka kichwani zikaingia mkononi.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lao, na ni kosa ambalo lisingewapata watu wengine wowote. Bamba la zinki lilikuwa kinyume kama herufi. Wao walipanga kete kama walivyoona kwenye bamba: mfalme mahali pa malkia, malkia mahali pa mfalme, na ule mraba mweupe unaotakiwa kuwa pembeni kulia kwa mchezaji ukawa kushoto. Maelezo hayakuwasuta, maana hata alama za pembeni mwa picha ziligeuka pamoja na picha. Na kwa kuwa pande zote mbili zilikosea sawasawa, mchezo wao ulikuwa mzima kabisa, kama watu wawili waliovaa mashati nje ndani wakakubaliana kwamba ndivyo yanavyovaliwa.

Mimi nililiona. Nilipokwenda kunawa mikono nilipita karibu na meza yao, na picha ya karatasini nilikuwa nimetoka kuisahihisha. Sikujua sataranji, lakini jicho lililozoea kutafuta makosa halihitaji kuujua mchezo. Sikusema. Wapanga chapa walituita sisi nzi, eti hatutui ila penye kidonda. Nikaliweka kosa lao kama mtu anavyoweka kitu kizuri sandukuni.

Kompyuta zilipokuja, herufi zilipakiwa kwenye lori kwenda kuyeyushwa. Kazi ya miaka mia iliondoka asubuhi moja, na aliyesimamia alikuwa anatafuna karanga. Wapanga chapa wakaenda nyumbani. Baadaye wakaanza kwenda makaburini, mmoja mmoja, na juzijuzi akaondoka wa mwisho wa wale watatu, bwana mmoja mkimya tuliyemwita Padri. Kinyume alibaki na mfuko wa herufi za mbao, na duniani hapakuwa tena na mtu anayecheza kama yeye. Mkewe alikuwa ametangulia. Aliishi katika chumba cha nyuma kwa mwanawe, ambaye kazi yake ilimweka safarini, kwa hiyo aliyekuwa naye nyumbani ni mkwewe, fundi wa kushona.

"Anacheza peke yake," mkwe huyo aliniambia siku niliyokwenda kuwajulia hali. "Anahama kiti. Huku anacheza, anakwenda ng'ambo ya meza, anacheza tena. Na akishindwa ananuna. Sasa mimi nimpe pole au nimpongeze?"

Katika ukumbi wa juu wa maktaba, Jumamosi saa tisa, hukutana kilabu cha sataranji. Meza nane, viti kumi na sita, na benchi refu ukutani kwa watazamaji. Mgeni anayetaka kiti hucheza na mwenyekiti kwa kete nyeusi, Jumamosi tatu. Akishindwa zote tatu, anabaki benchi. Akipata ushindi au hata sare moja, anaandikiwa kadi, na kuanzia hapo ana mtu wa kucheza naye kila wiki hadi miguu imkatalie ngazi. Kinyume alikitaka kiti hicho. Sidhani kama kuna kitu kingine alichokuwa amebaki akikitaka. Akaniomba nimsindikize, maana wa kiwandani tulibaki wawili.

Mwenyekiti alikuwa mfamasia wa miaka arobaini na kitu, mikono misafi, saa kubwa. Sifa yake ilikuwa ufunguzi mmoja, ule wa chambo. Alimchezea kila mgeni.

"Karibu, mzee wangu. Jipangie," alisema.

Kinyume akajipangia. Ukumbi ukacheka.

"Mzee, umemlaza mfalme kitandani kwa mkewe!" alisema karani mmoja wa benki.

"Labda kwao mke ndiye mkuu wa nyumba," mwingine akadakia.

"Hata kwenu," alijibu Kinyume, "ila nyinyi mnaficha."

Walicheka zaidi, safari hii kwa wema. Mfamasia akamgeuzia ubao na kuzibadilisha kete kwa adabu. Nilimwona Kinyume akizitazama. Uso haukubadilika, lakini mkono wa kulia ulijikunja juu ya goti.

Mfamasia alimsukuma askari wa mfalme. Kinyume akajibu vilevile. Mfamasia akatoa chambo, akaegemea. Huo ndio mchezo ambao Kinyume alikuwa ameucheza kila mchana kwa miaka ishirini. Aliamua asile, amsukume askari wa malkia. Mkono ukaruka bila kutazama na kwenda pale askari wa malkia alipokuwa siku zote, kushoto kwa askari wa mfalme. Lakini kwenye ubao wa dunia, kushoto hapo kuna askari anayemkinga mfalme. Akamsukuma huyo, akafungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Baada ya hatua mbili malkia mweupe alitoka kwa mshazari akamkabili mfalme uso kwa uso. Hatua ya kumi na moja mfalme hakuwa na pa kwenda.

"Pole, mzee wangu," alisema mfamasia. "Ufunguzi huu ni mkali. Una wenyewe."

"Naujua," alisema Kinyume.

"Ndiyo," alisema mfamasia, kama mtu anavyomwambia mgonjwa.

Jumatatu asubuhi Kinyume alikuja kwangu na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Lilikuwa bamba la zinki la lile somo. Alikuwa ameliiba siku ya lori. Akatoa na karatasi. Alikuwa amelipaka bamba kiwi ya viatu na kulikandamiza karatasini, kiwi aliyoichukua bila kumwomba mkwewe, wakagombana. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiona picha aliyoipanga mwenyewe, jinsi wasomaji walivyoiona.

"Wewe si msoma prufu?" alisema. "Soma."

Nikasoma. Nikamwambia picha ni sahihi.

"Na tulichokuwa tunacheza sisi?"

"Kilikuwa kinyume."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

Alikaa kitini. Akaikunja karatasi mara mbili, kwa pembe zilizolingana, kama tulivyofundishwa zamani.

"Na hukusema."

"Kazi yangu ilikuwa kusahihisha karatasi. Meza yenu haikuwa kazi yangu."

Nilisubiri anitukane. Maneno niliyokuwa nimeyatayarisha ya kujitetea yalikuwa mengi, na mazuri. Hakunipa nafasi ya kuyatumia. Alisema neno moja tu, "Nzi," akasimama, akachukua bamba lake. Mlangoni akageuka.

"Jumamosi utakuja?"

"Nitakuja."

Mchezo wa pili aliucheza kwa akili. Kila hatua ya mfamasia aliichukua, akaigeuza kichwani ikawa ya kiwandani, akatafuta jibu, akaligeuza jibu likawa la huku, kisha ndipo akanyoosha mkono. Hakukosea hata mara moja. Lakini kilabu kina saa ya vichwa viwili, kila mchezaji na kichwa chake, na dakika zake zikiisha ameshindwa hata kama anaongoza. Dakika za Kinyume zilikwisha akiwa na ngome mbili na askari wengi zaidi ya mwenzake.

"Ulikuwa unanishinda, mzee," mfamasia alikiri, na nadhani kulimuuma kidogo kukiri. "Sema unafikiri mno."

Nilimsindikiza hadi kwao. Mkwewe alitutengea chai. Kinyume alinyoosha mkono wa kulia kuchukua sukari, akashika hewa.

"Unaona, baba?" alisema mkwe. Akanigeukia mimi. "Kabati nimelihamisha mwaka wa tatu huu. Huo mkono wake wa kulia mpaka leo unaifuata sukari ukutani. Una kiburi, huo mkono! Wa kushoto afadhali. Akibeba kikombe kwa kulia, akatumia wa kushoto, anaipata mara moja."

"Kwa nini?" aliuliza Kinyume.

"Nitajuaje, baba? Labda kwa kuwa huo mwingine haujui kitu, basi unaangalia kwanza."

Kinyume aliitazama mikono yake yote miwili juu ya meza kwa muda mrefu, hadi mkwe akaniuliza kwa macho kama kuna ubaya. Miaka yote ile mkono wa kushoto ulishika kibao cha chuma na kupokea ulicholetewa. Haukuwahi kwenda kwenye kasha. Haukujifunza njia yoyote, kwa hiyo haukuwa na njia mbaya ya kusahau.

Wiki nzima, mkwe alisema, Kinyume alikaa na ubao umepangwa kama karatasi ilivyosema, mkono wa kulia ameufunga kwa shali ya marehemu mkewe, kama mtu aliyevunjika.

Jumamosi ya tatu ukumbi ulijaa. Walikuwa wamesikia kwamba mzee karibu amtoe mwenyekiti jasho. Kinyume alikaa, akauweka mkono wa kulia chini ya paja lake na kuukalia.

Mfamasia akasukuma, Kinyume akajibu kwa kushoto. Chambo kikatolewa.

"Mzee wangu, huo wa kulia umeumia?"

"Umestaafu."

Akala chambo. Minong'ono ikaanza kwenye benchi, maana wageni wote waliokula walikuwa wameishia benchi hiyo hiyo. Mfamasia akamtoa farasi haraka, kama alivyozoea. Mkono wa kushoto ukainuka. Ulikwenda polepole, ukasimama hewani juu ya askari mmoja, na macho yakashuka kuhakikisha. Huyo siye. Ukasogea kulia, ukampita askari wa malkia aliyekuwa mahali pake halisi, ukarudi, ukamshika. Hatua mbili, hadi katikati. Mfamasia akamla. Kinyume akatoa farasi. Alichokula alikuwa ameshakirudisha, na hatua chache baadaye mfalme wake alikuwa nyuma ya ngome, amejikunyata salama. Nilimwona mfamasia akiacha kuegemea.

Sitaueleza mchezo wote, na sikuuelewa wote. Kete zilikwisha mezani, mbili mbili. Mwishoni kila mmoja alibaki na mfalme na ngome, Kinyume akiwa na askari mmoja zaidi. Saa yake ilikuwa imebakiza dakika mbili, ya mfamasia tisa. Kwenye kiwanda, wakati ambapo hapakuwa na saa ila king'ora cha kurudi kazini, askari yule angetembea hadi mwisho na kugeuka malkia. Hapa palikuwa na dakika mbili na mkono unaotembea kama kobe.

Mfamasia alifuta paji la uso.

"Mzee, tugawane? Sare?"

Kinyume alimtazama askari wake. Nilijua anavyompenda. Kidole cha kushoto kikagonga meza mara tatu.

"Sare," alisema.

Watu wa benchi walipiga makofi. Mfamasia, kwa haki yake niseme, alisimama kumpa mkono, na Kinyume ikabidi auondoe ule wa kulia chini ya paja, ukiwa umekufa ganzi. Kisha mfamasia akatoa kadi na kalamu, akauliza jina la kuandika. Kinyume alilitaja lile la kwenye kitambulisho chake. Nikatambua kwamba ndiyo mara ya kwanza ninalisikia. Tulifanya kazi jengo moja miaka thelathini, tukitenganishwa na kioo.

Sasa ana kiti. Kila Jumamosi yuko meza ya sita, anacheza kwa kushoto, anashinda kidogo, anashindwa zaidi, na hakuna anayemcheka. Wengine humtegea chambo kwa makusudi waone mkono unavyosita hewani. Mfamasia alimwomba siku moja ampangie ubao wa kiwandani, ajaribu. Kinyume alimwambia kwa upole kwamba ule hauchezwi hapa.

Mimi sikuwa na nia ya kujifunza mchezo wowote katika umri huu. Lakini Jumatano moja nilikwenda kwake na chaki mfukoni. Sikuomba radhi. Sijui maneno yake yanavyopangwa. Nilichora ubao juu ya meza ya kushonea, mkwe akilalamikia vitambaa vyake, nikaweka mraba mweupe upande wa kushoto. Kinyume alisimama akanitazama nikichora hadi mwisho.

"Nani kakufundisha?"

"Nilikuwa napita kwenda kunawa."

Akaleta mfuko wa herufi. M kubwa, M ndogo, F, N, A, na nukta zote, ila moja iliyopotea, ambayo mkwe aliijazia kwa kifungo. Akanipa nyeupe. Nikasukuma askari, akajibu. Kwa kuwa nilikuwa sijui ufunguzi mwingine, nikatoa chambo.

Hapo aliutoa mkono wa kulia mfukoni. Uliruka juu ya ubao na kurudi, macho yake yakiwa kwangu, na askari wa malkia alikuwa ameshafika katikati.

"Zamu yako, nzi," alisema. "Na ukifika hatua ya kumi na moja, uniambie nimekosea wapi."